Miguu ya Ngoma katika Senema za Kale

Wako walimu wenzetu wasemao kwamba senema za kale za Marekani, zile za nyimbo na vichekesho, ni upuuzi mtupu. Huuliza: mtu mzima atembeaje njiani mvuani, kisha aanze kuimba na kurukaruka peke yake? Twaona swali hilo lamfaa mtu asiyekulia Usukumani. Kwetu Ngulyati hata jembe huchezwa. Katika bugobogobo wakulima huyarusha majembe juu wakayadaka kwa kufuata ngoma, wala hakuna aulizaye sababu.

Basi tulipoitazama katika simu Singin' in the Rain, senema ya mwaka 1952, mvua ile haikutushangaza. Kilichotushangaza ni wepesi wa Gene Kelly, maana alipoicheza alikuwa na homa kali. Debbie Reynolds naye, binti wa miaka 19 asiyekuwa mchezaji, alijifunza kwa miezi michache, hata miguu ikamtoka damu.

Lakini liko jambo lililotugusa zaidi. Uchezaji ule wa kugonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma ulizaliwa huko Marekani, ngoma za Waafrika waliotiwa utumwani zilipokutana na ngoma za watu wa Ireland na Uingereza. Walakini wajukuu wa Waafrika hao walipewa nafasi ndogo katika senema. Lena Horne aliimba mara nyingi katika vipande vilivyotengwa na hadithi, ili katika majimbo ya kusini vipate kukatwa pasipo kuiharibu. Na mwaka 1936, katika Swing Time, Fred Astaire alijipaka weusi usoni ili kumtukuza Bill Robinson, mchezaji mweusi. Astaire alikuwa hodari, hatubishi. Bali heshima ya namna ile ni chungu.

Kwa hiyo tuipendayo kupita zote ni Stormy Weather ya mwaka 1943, ambayo wakuu wake wote ni weusi: Robinson mwenyewe, Lena Horne, Cab Calloway. Karibu na mwisho ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, hushuka ngazi kubwa wakirukana vichwani, kila mmoja akitua chini miguu imetanuka, kisha huinuka pasipo kushika chini kwa mikono.

Mzee mmoja jirani yetu, aliyeshindana katika ngoma za mavuno tangu ujana wake, alikitazama kipande hicho mara tatu, kimya. Kisha akauliza: "Hawa ni Wagika au Wagalu?"