Nilipima kijiko, nikasahau kupima mkono wa Baba

Ramadhani ya mwaka jana Baba hakufuturu barazani.

Kwetu Ujiji hilo si jambo dogo. Tangu nipate akili, jioni za mfungo mkeka wa wanaume hutandikwa mbele ya nyumba yetu, majirani huja na sahani zao, na Baba ndiye anayewakaribisha. Safari hii mkeka ulitandikwa kama kawaida, lakini mwenyewe alibaki chumbani. Mama alimpelekea chakula, akarudishia mlango. Nilipouliza, alinijibu kwa sauti ya chini: "Baba yako hataki watu wamwone akila kwa mkono wa kushoto."

Miezi minane kabla ya hapo alipata kiharusi. Mguu ulirudi, maneno yakarudi, lakini vidole vya mkono wa kulia viligoma kufumba sawasawa. Kijiko kilikuwa kinamponyoka. Na mkono huo ndio uliotulea. Baba ni fundi wa maboti. Tezo, randa na keekee ndivyo vilivyonisomesha mpaka nikamaliza chuo kikuu.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika kuhusu kiharusi mara nyingi: kwamba shinikizo la juu la damu ndilo chanzo kikubwa, na kwamba uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo, si kesho. Lakini sikuwahi kuandika hata aya moja kuhusu kijiko.

Kazi ya kuchora

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuwa akimwona Baba alinieleza jambo rahisi. Mkono dhaifu hushika kitu kinene kwa urahisi kuliko chembamba, kwa sababu vidole havilazimiki kufumba hadi mwisho. Mama akaviringisha kitambaa kwenye mpini wa kijiko. Siku ya kwanza kililowa mchuzi, siku ya tatu kikaanza kunuka. Nikasema nitatafuta mshikio mnene unaoweza kuoshwa.

Rafiki yangu tuliyekuwa naye chuo, yeye akisoma uhandisi, anafanya kazi Dar es Salaam mahali penye printa ya 3D. Ni mashine inayoyeyusha uzi wa plastiki na kuupanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kinasimama. "Nitumie mchoro tu, mengine niachie mimi," akaniambia.

Mchoro? Mara ya mwisho mimi kuchora kitu kwa vipimo ilikuwa sekondari, na sikumbuki kama nilipata alama nzuri.

Akaniambia nianze na Tinkercad. Ni programu ya bure inayofunguka ndani ya kivinjari, kama unavyofungua ukurasa wa gazeti, bila kusakinisha chochote. Unaburuta boksi, unaburuta silinda, unavipachika pamoja. Ukitaka kutoboa, unachukua umbo na kuliambia liwe tundu, kisha unaliunganisha na lile jingine. Jioni moja tu nilikuwa na silinda yenye tundu katikati. Nilifurahi kama mtoto aliyefinyanga ng'ombe wa udongo.

Nilipotaka kurekebisha vipimo mara kwa mara, rafiki yangu akanihamishia Onshape. Nayo inakaa kwenye kivinjari na ina akaunti ya bure kwa kazi zisizo za biashara. Huko unachora duara kwenye bapa, unalipa kipimo, kisha unaliinua lipate urefu. Kila hatua inaandikwa pembeni kwa mpangilio wake. Ukirudi hatua ya kwanza ukabadili kipenyo kutoka milimita 25 kuwa 32, hatua zote zilizofuata zinajirekebisha. Hilo lilinichukua kama wiki mbili kulielewa, nikijifunza usiku baada ya kutuma habari za gazeti.

Jioni moja mtandao ulikata nikiwa barazani, nikafunga kompyuta. Baba alikuwa akinitazama.

"Kazi yako imepotea?"

"Haijapotea, Baba. Iko kwenye wingu."

Akageukia ziwani, ambako mawingu ya mvua yalikuwa yamejazana upande wa Kongo. "Na mvua ikinyesha?"

Nilicheka, lakini swali lake lilinifanya nitafute maelezo yanayoeleweka. Wingu ni kompyuta za watu wengine, ziko mbali, zinatunza kazi yako na kukufanyia hesabu nzito. Ndiyo maana kompyuta yangu mpakato ya zamani iliweza kazi hii. Ndiyo maana pia mtandao ukikata, au bando likiisha, unabaki unatazama kioo. Nilizoea kufanya kazi alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi.

Kosa jingine lilikuwa langu mwenyewe. Kwenye akaunti ya bure ya Onshape, mchoro wako unaweza kuonekana na mtumiaji mwingine yeyote. Mimi nilikuwa nimeupa wangu jina kamili la Baba na neno "kiharusi" mbele yake. Mtu ninayeandika kila mara kuhusu siri za mgonjwa! Nilipotambua nilibadili jina haraka. Ukawa "Mshikio 1".

Mshikio 1

Ulifika Kigoma kwa basi, umefungwa ndani ya boksi la viatu. Ulikuwa wa rangi ya buluu, laini, unang'aa. Siku hiyo Mama alipika wali na mchuzi wa mgebuka. Nikauchomeka kijiko, nikamwekea Baba mbele yetu sote, nikakaa kusubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Akaushika. Akachota. Kijiko kilipokaribia mdomoni, mshikio ulizunguka mkononi mwake na mchuzi wote ukamwagikia kanzu. Akajaribu tena, ukazunguka tena. Akauweka chini taratibu.

"Umefanya kazi nzuri, mama," akaniambia, kisha akainuka akaenda chumbani.

Mama aliuosha kwa maji ya moto, nao ukapinda. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba plastiki inayotumika zaidi kwenye printa hizi huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Lakini si kupinda kwake kulikonikosesha usingizi. Nililala nikiwaza kwamba kwa wiki zote zile nilizungumza na mtaalamu, na rafiki yangu, na Mama. Nilipima kijiko kwa milimita. Mkono wenyewe sikuupima, na mwenye mkono sikumuuliza neno. Nyumbani kwetu kuna mtu mmoja tu aliyetumia maisha yake yote kufanya kitu kikae vizuri mkononi, na mimi nilimfanya mgonjwa wa kuletewa.

Unga wa chapati

Asubuhi nikamwendea. "Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba unisaidie kazi. Imenishinda."

Akanitazama kidogo, kisha akaomba aletewe tezo yake. Ilikuwa imekaa uvunguni tangu augue. "Huu mpini ni wa duara?" Nikautazama kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Haukuwa wa duara. Ulikuwa bapa kidogo ubavuni, kama yai lililokandamizwa. "Kitu cha duara kinazunguka," akasema. "Mpini ukiwa na ubavu, mkono unajua juu ni wapi na chini ni wapi, hata gizani."

Kisha akamwita Mama, ambaye alikuwa anakanda unga wa chapati, akaomba donge. Akalishika kwa mkono wa kulia, akalifinya kadiri alivyoweza, akalirudisha mezani. Vidole viwili vilikuwa vimezama, viwili vimegusa juu juu tu. "Haya, pima."

Nikapima donge kwa rula kabla halijalegea: upana, unene, na mahali ambapo kila kidole kilikomea. Nikaviingiza vipimo kwenye mchoro, na umbo likabadilika palepale. Baba akasogeza kiti. "Rudia." Nikaongeza unene wa ubavu, kila kitu kikafuata. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ni kama mkuku wa boti. Ukibadili mkuku, mataruma yote yanafuata."

Wakati huo rafiki yangu alifungua mchoro uleule akiwa Dar es Salaam na kuanza kuzungushia kingo. Baba aliona kona zinalainika bila mimi kugusa kitu. "Nani huyo anagusa kazi yetu?"

Alisema "yetu". Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kuchapa namba.

Nilipomweleza kwamba mtu aliye mbali hivyo anaweza kuchora nasi, hakushangaa sana. "Si kama Liemba tu?" akasema. Na kweli. Meli hiyo ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikafungwa kwenye makasha 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena hapa na kushushwa ziwani Februari 1915. Tofauti ni kwamba mchoro wetu hausubiri reli.

Wapo waliotutangulia kwa njia hii. Mwaka 2011 seremala mmoja wa Johannesburg, Richard van As, alikatwa vidole na msumeno wa umeme. Akamtafuta Ivan Owen, Mmarekani aliyekuwa ametengeneza mkono wa maigizo unaofumba na kufumbua. Wakawa wanafanya kazi pamoja kwa intaneti, kila mmoja bara lake, na walipopata printa za 3D walitengeneza mkono wa mtoto wa miaka mitano aliyezaliwa bila vidole. Mwaka 2013 wakauweka mchoro wazi, kila mtu autumie bure. Watu wa kujitolea wa mtandao uitwao e-NABLE wameendeleza kazi hiyo katika nchi nyingi. Nilipomsimulia Baba aliuliza swali moja tu: "Seremala ndiye aliyeanza?" Nikamwambia ndiye.

Usiyoyaona kwenye kioo

Mshikio 2 ulikuwa mzito. Wa 3 ulikuwa na tundu dogo, kijiko hakikuingia. Wa 4 ndio uliokubali: una ubavu, una mabonde mawili ya vidole, na umechapwa kwa plastiki nyingine inayovumilia joto zaidi. Hata huo tunauosha kwa maji ya vuguvugu.

Kwa msomaji mwenye mgonjwa nyumbani ambaye angependa kujaribu, niseme niliyojifunza. Mwone kwanza mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu si kila mkono unafaa kusaidiwa kwa namna moja, na mara nyingine kifaa kinaufanya mkono uvivuke badala ya kuufanyisha mazoezi. Kitu kilichotoka kwenye printa kina mifereji midogo kati ya tabaka, na mabaki ya chakula hujificha humo. Sisi tulichapa mshikio tu, sehemu inayoingia mdomoni ikabaki ya chuma. Mkono uliopoteza hisia unaweza kuchubuka bila mwenyewe kujua, kwa hiyo ukague kila siku. Usiandike jina la mgonjwa kwenye mchoro. Na usipokuwa na njia ya kupata printa, usikate tamaa. Onshape hutoa pia mchoro wa karatasi wenye vipimo. Wetu niliuchapisha stationari ya Mwanga kwa bei ya soda, nikampelekea kijana aliyejifunza kazi kwa Baba. Alichonga mshikio wa mti kwa siku moja, na Baba akamkosoa kwa saa nzima, kama zamani.

Vidole vya Baba bado havijafumba vyote. Huenda visifumbe. Kuna siku anachoka katikati ya mlo na kijiko kinaanguka, na siku hizo hataki kusemeshwa.

Lakini Ramadhani ya mwaka huu, jioni ya tatu, Mama alipoingia chumbani na sahani alikuta hakuna mtu. Baba alikuwa mkekani, kijiko chenye mshikio wa buluu kikiwa mkono wa kulia. Jirani mmoja, mzee mwenzake, alikitazama muda mrefu kisha akauliza kinauzwa wapi.

"Hakiuzwi," Baba akamjibu. "Tumekichora mimi na binti yangu. Wewe njoo kesho, tutakupima mkono."

Kesho yake mzee yule alikuja kweli. Mama alikuwa ameshakanda unga.