Dirisha la Usajili, Ukilitazama Kutoka Kibondo

Kama wewe ni Simba na mwenzi wako ni Yanga, usithubutu kusafiri naye mwezi wa saba. Nakuambia kwa uzoefu, mpenzi msomaji. Mwezi wa saba ni wa usajili, na kwangu mimi Julai 2024 iliingia na balaa: siku ya kwanza tu ya mwezi, Yanga wakamtangaza Clatous Chama. Chama wangu! Mume wangu hakusema neno. Alinichemshia chai, akaniletea mpaka kitandani, huku anatabasamu. Bora angenicheka.

Wiki mbili baadaye tukapanda ndege kwenda Kigoma, kwao. Wengi wakisikia Kigoma wanawaza ziwa, migebuka, mawese na mwisho wa reli. Hayo yapo, ila kwao ni juu, Kasulu, kama kilometa 90 kutoka mjini, nchi ya Waha. Gari linapanda, joto la ziwani linabaki nyuma, na ghafla unatafuta sweta. Beba sweta, tafadhali. Kiangazi cha Kasulu asubuhi kina baridi ambayo mtu wa Dar hajazoea. Kwa wapendanao ni baridi nzuri sana, lakini tulikuwa nyumbani kwa wakwe, kwa hiyo tuishie hapo.

Enzi za uchumba tulipita njia hii tukafika tumegeuka wekundu kwa vumbi, mpaka kope. Siku hizi sehemu kubwa ni lami. Migomba, vilima, maharage yameanikwa barazani, na kila kituo vijana wa bodaboda wamevaa jezi. Nilijaribu kuhesabu nyekundu na za kijani mpaka Kasulu. Niliacha baada ya kuona zile za kijani zinazidi.

Baba mkwe ni Simba, ndiyo maana tunapendana. Jioni ya kwanza tulikaa naye barazani na chai ya maziwa, akaanza kutaja watoto wa Kigoma waliowahi kutamba: akina Manara, kisha golikipa Juma Kaseja, ambaye amedaka Simba na Yanga pia. "Zamani walikuwa wanakuja kutafuta watu huku, mkwe," akaniambia. "Siku hizi wanapita juu kwa ndege, wanaenda kushuka Kinshasa."

Mume wangu akadakia hapo hapo. Yeye ana hotuba yake ya usajili, naijua kwa moyo. Mwaka 2021 Simba tulikuwa mabingwa, tukamuuza Luis Miquissone kwa Al Ahly na Chama kwa RS Berkane, msimu mmoja. Yanga mwaka huo huo wakawaleta Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala, na kutoka AS Vita ya Kinshasa Djuma Shabani na Fiston Mayele. Msimu wa 2021/22 wakachukua ubingwa bila kufungwa mechi hata moja. "Nyie mliuza uti wa mgongo, sisi tukanunua uti wa mgongo," anasema, na hapo huwa anagonga meza.

Nakiri, japo inauma, kwamba ana hoja. Yanga walijua wanataka nini: kipa, beki, kiungo, mfungaji, watu waliokwisha kukomaa, wote kwa mkupuo. Sisi miaka iliyofuata tulinunua kama mtu aliyeingia sokoni na njaa. Mnamkumbuka Mserbia wetu, Dejan Georgijević, mwaka 2022? Aliondoka hata hatujazoea kutamka jina lake. Halafu ikaja tarehe 5 Novemba 2023, tano moja. Sitaki kuizungumzia, ila nitairudia kidogo, maana lile bao letu moja lina habari yake.

Utetezi wangu kule barazani ulikuwa mfupi. Fainali ya Kombe la Shirikisho ya 2021 ilichezwa hapa hapa Kigoma, Uwanja wa Lake Tanganyika, Julai 25, na Simba tukashinda bao moja la Taddeo Lwanga. Baba mkwe alicheka mpaka akakohoa. Halafu, mzee wa haki, akanikumbusha upande wa pili: Mashujaa wa Kigoma walitufunga tatu kwa mbili Dar es Salaam Desemba 2018, wakati hawajapanda hata Ligi Kuu, na Aprili 2024 wakatutoa tena kwa penalti hapa Kigoma. Timu ile haina Mayele wala Chama.

Siku ya tatu tukaenda Kibondo kumsalimia wifi yangu. Njiani unapita Makere, ilipo njia ya kuelekea kambi ya Nyarugusu, ambayo tangu 1996 inahifadhi Wakongo waliokimbia vita. Nilikuwa nimesinzia, mume wangu akaniamsha akanionyesha. Nikakumbuka maneno ya baba mkwe. Tunapanda ndege kufuata Wakongo Kinshasa, na hapa kuna vijana wa Kikongo waliozaliwa Kigoma, wanaoongea Kiswahili, wasioruhusiwa kutoka kambini bila kibali. Hakuna anayekuja kuwatazama.

Na lile bao letu moja katika zile tano moja? Alifunga Kibu Denis, mtoto wa familia ya wakimbizi kutoka Kongo, aliyekulia mkoa huu. Alipewa uraia wa Tanzania mwaka 2021, na alifika Simba mwaka huo akitokea Mbeya City. Yaani alizunguka nchi nzima kabla Msimbazi hawajamwona. Kazi ya kumvumbua na kumwamini akiwa hana jina waliifanya wengine.

Tukashuka, tukavuka Malagarasi, tukapanda tena. Kibondo ni mji mdogo, umetulia, una migomba na soko zuri la maharage. Wifi alitupokea kwa ugali wa muhogo na dagaa, halafu, kabla hatujanawa mikono, akatoa shida yake.

Mwanawe ana miaka 17, beki wa kushoto. Kuna mtu alikuja, anajiita wakala, akasema kijana atafanyiwa majaribio Dar kwenye klabu kubwa. Inatakiwa laki nne: nauli, vipimo vya afya, na kitu alichokiita "kufungua njia". Wifi alikuwa na maharage gunia tatu ndani, ndiyo akiba yote ya nyumba mpaka msimu ujao, na alikuwa ameshapata mnunuzi. Alitaka tu kaka yake aongezee kidogo.

Mume wangu alikuwa tayari kutoa hela pale pale. Huyu ndiye mtu anayenipigia hesabu ya gesi na vocha! Usiku, gesti, tukagombana kwa kunong'ona, maana kuta za gesti mnazijua.

"Ungekuwa na mpwa wako ungemwacha?"

"Nitajie," nikamwambia, "beki mmoja tu wa miaka 17 ambaye timu yako imemtoa kijijini ikampanga wiki ileile."

Akanyamaza. Nami sikuwa na la kujisifia, maana Simba ni hivyo hivyo. Tangu 2021 klabu ya Ligi Kuu imeruhusiwa kuwa na wageni hadi 12, na kocha anafukuzwa kwa mechi tatu mbaya. Nani atampa nafasi mtoto wa Kibondo akosee mara tano ili ajifunze? Sisi mashabiki ndio wa kwanza kuzomea. Tunataka picha ya mtu anashuka uwanja wa ndege amevishwa skafu. Mimi mwenyewe niliwahi kuamka saa tisa usiku kusubiri picha kama hiyo.

Kule Marekani wana utaratibu wao: ligi inawakusanya vijana wapya, timu zinachagua kwa zamu, na zilizofanya vibaya ndizo zinazotangulizwa. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili mwaka 2009, na Memphis Grizzlies. Nikawaza Mashujaa wanachagua kwanza, Yanga wanasubiri mwisho wa foleni! Lakini hata huko kijana huwa ameshalelewa na shule na chuo miaka mingi. Hapa shule ya kijana wetu ina uwanja wenye mteremko na mpira mmoja.

Asubuhi tukaenda kumwona anacheza. Sijui kama ni mzuri, nitakuwa mwongo nikisema najua. Ana kasi, mguu wa kushoto anautumia vizuri, ila akipoteza mpira anainamisha kichwa. Alicheza na raba zilizofungwa kamba kwenye nyayo. Mume wangu alisimama pembeni mechi nzima bila kushika simu, na hilo, wanawake wenzangu mtanielewa, sijawahi kuliona mwezi wa saba.

Baada ya mechi alimpigia yule wakala mbele yetu sote. Akauliza jina la kocha atakayemwona kijana. Akauliza barua ya klabu. Jamaa akasema mtandao unasumbua, atapiga. Hakupiga. Wifi hakufurahi, na sitawadanganya kwamba alitushukuru. Aliona tumemfungia mwanawe mlango, sisi watu wa mjini tuliokwisha kushiba. Mume wangu akamwahidi kumpeleka kijana Kigoma mjini siku Mashujaa wakitangaza majaribio ya vijana, kwa nauli yake yeye, na maharage yabaki ndani.

Tulipitia sokoni tukamnunulia njumu za mtumba, elfu thelathini baada ya kubishana sana. Kijana akazishika kifuani njia nzima, halafu stendi akaniuliza, "Anti, Simba wanakuja lini huku kuangalia watu?"

Nikamwambia sijui. Basi likaondoka. Mbele ya Makere mtandao ukarudi, simu ya mume wangu ikaanza kulia mfululizo, usajili mpya, skafu, uwanja wa ndege. Akanionyesha picha, nikauliza anatoka wapi, akasoma, tukaangaliana.

Msimu ule Simba tulileta vijana kina Jean Charles Ahoua na Steven Mukwala, tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025, na ubingwa wa nchi wakauchukua Yanga kwa mara ya nne mfululizo. Chai nililetewa tena kitandani.

Kijana alienda Kigoma mara moja, hakuchaguliwa, akaambiwa arudi mwaka unaofuata. Alinitumia ujumbe: "Anti njumu zimeanza kunibana ila nacheza nazo."