Mtoto Aliyeambiwa Angoje

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilizidi wahenga, nikampa mgeni wangu maneno makali kuliko jembe.

Mwaka jana shangazi alimleta kwetu mwanawe wa miaka saba kutoka kijijini. Alisema anakwenda Nairobi kutafuta kazi, atamrudia mwisho wa mwezi. Miezi ikapita. Mtoto analala kitandani mwangu, anakula ugali ambao hata sisi wenyewe hautushibishi. Usiku mmoja nikamfokea, "Si uende ukamngoje mamako stejini!"

Kesho yake jioni hakuonekana. Tulimtafuta mpaka saa mbili usiku. Kumbe alikuwa stejini kweli, amekalia kifurushi chake cha nguo! Mama akauliza nani kamtuma. Nilinyamaza. Mtoto naye akanitazama, akanyamaza.

Likizo ya Agosti kakangu alinionyesha filamu ya zamani ya Meksiko, Los olvidados, yaani "Waliosahauliwa", aliyoielekeza Luis Buñuel mwaka wa 1950. Haina rangi, na Kihispania chao nilikifuata kwa maandishi ya Kiingereza. Nilidhani nitasinzia. Wapi! Katika mitaa ya makabwela ya Mexico City nilimwona Pedro, ambaye mama yake mzazi anamnyima chakula. Nikamwona Ojitos, mtoto wa mashambani, aliyeachwa na babake sokoni na kuambiwa amngoje. Baba harudi. Kipofu mmoja anamchukua awe macho yake, kisha anamtesa. Hata hivyo, mtoto bado anamtarajia babake.

Filamu ilipotoka, Wameksiko wengi walikasirika, wakasema imewaaibisha. Iliondolewa sinemani baada ya siku chache tu. Mwaka wa 1951 Buñuel akapata tuzo ya mwelekezi bora kule Cannes. Mimi hasira yao naielewa. Filamu ile haikunitaja jina, lakini niliinamisha uso kana kwamba nimeitwa mbele ya gwaride.

Usiku ule nilimkuta mtoto wa shangazi amejikunja ukingoni mwa kitanda, ameniachia nafasi yote. Nikamvuta katikati, nikamfunika blanketi. Akaniuliza, "Kwani kesho niende stejini?"

Msomaji mwenzangu, mpaka leo mama hajui aliyemtuma. Jarida hili likitoka, nitampelekea nyumbani, nimfungulie ukurasa huu.