Lori la Mwanangu na Mawe ya Mwanza

Mji wa Mwanza umejengwa juu ya mawe na katikati ya mawe. Mgeni anayewasili kwa njia ya ziwa hulakiwa na Jiwe la Bismarck, lililosimama majini kana kwamba mtu amelipanga kwa mikono. Akiinua macho ataona nyumba za Igogo, Mabatini na Isamilo zimepanda vilima, nyingine zimeegemea majabali makubwa kuliko nyumba zenyewe. Sisi tunaoishi huko juu twajua maana yake. Maji hupandishwa kichwani, mgonjwa hushushwa mgongoni, na mtoto hujua kuparamia jabali kabla hajajua kuandika jina lake.

Kwa hiyo hata michezo ya watoto wetu ni ya mlimani. Tangu zamani wavulana wa vilima hivi wameunda magari ya waya, yenye matairi yaliyokatwa kutoka kandambili zilizochakaa, na kijiti kirefu chenye usukani ili mwenye gari aliongoze huku akikimbia nyuma yake. Gari linalosifiwa si lile lenye rangi nzuri, bali ni lile linaloshuka kutoka majabalini hadi barabara ya lami bila kupinduka. Watoto hodari hulitia springi za vipande vya utepe wa chuma unaofungia mizigo, wakavipanga kimoja juu ya kingine kama walivyoona kwenye malori ya kweli.

Hapo kwenye kukimbia ndipo lilipo jambo langu. Mwanangu wa pili, ambaye sasa ana umri wa miaka 11, amezaliwa na ugonjwa wa selimundu. Ndugu msomaji, huenda nawe waujua, kwani Kanda ya Ziwa ina watoto wengi wa namna hii. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo na laini, hujikunja zikawa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na mtoto akapatwa na maumivu makali ya mifupa. Kliniki walitueleza kwamba acheze, lakini asijichoshe kupita kiasi. Anywe maji kwa wingi, asipigwe na baridi, apumzike mara aonapo uchovu.

Maneno hayo ni mepesi kuandikwa kwenye kadi. Kuyafuata ni kazi nyingine, mtoto anapowasikia wenzake wakishuka mlima kwa kelele za furaha. Mara mbili aliwafuata, na mara zote mbili tulikesha naye wodini. Baada ya mara ile ya pili alianza kukaa kibarazani peke yake. Wenzake walipomwita hakuitika. Maumivu yana dawa zake, lakini ukimya ule sikujua niupeleke kwa nani.

Mjomba wake, anayefanya kazi Muscat huko Oman, alipopata habari alituma zawadi: lori la kuchezea linaloongozwa kwa redio, lenye ukubwa wa moja ya kumi ya lori la kweli. Nia yake ilikuwa njema sana. Mtoto angekaa kivulini, rimoti mkononi, na lori lake likimbie badala yake pamoja na magari ya wenzake. Lakini siku ya kwanza lilipinduka kwenye jiwe la tatu, likalala chali magurudumu yakizunguka hewani. Watoto wakacheka, wakalibandika jina: "Lori la uwanja wa ndege!" Mwanangu akalifunika kwa kitambaa, akarudi kibarazani.

GURUDUMU LISHIKE ARDHI

Jirani yetu mmoja ni mzee aliyetumia nusu ya maisha yake kutengeneza springi za malori yaliyosomba pamba kutoka vijiji vya Usukuma. Nilimpelekea lori lile. Hakulifungua mara moja. "Mama," aliniambia, "kwanza nionyesheni linaangukaje." Alilitazama likishuka mara kadhaa, kisha akamgeukia mtoto. "Ng'wanawane, jiwe la ukubwa wa yai, kwako wewe ni kokoto. Kwa lori hili ni jabali linalozidi nusu mita. Hata dereva wa kweli angelizunguka."

Ni vema nieleze kwamba magari ya namna hii nayo yalianzia kwenye sakafu laini. Kampuni ya El-Gi ya Italia ilitoa gari lake la redio, mfano wa Ferrari, mwaka 1966. Tamiya ya Japani ilitoa mfano wa Porsche mwaka 1976, nalo lilikuwa gari la lami. Mwaka 1979 kampuni hiyo ilitoa Rough Rider na Sand Scorcher, yaliyokusudiwa mchanga na ardhi mbaya. Magari mengi ya leo ya aina hiyo huachiwa matundu na vifungo vya ziada ili mwenye gari alirekebishe kufuatana na ardhi yake. Kiwanda hakiijui Igogo. Anayeishi Igogo ndiye wa kulimalizia gari.

Somo la kwanza la mzee lilihusu springi. Lori lilisimama limejiinua hadi mwisho, springi zimebanwa kwa vipete vya plastiki. "Gurudumu lina safari mbili," alisema. "Hupanda likikuta jiwe, hushuka likikuta shimo. Lori hili limejinyima safari ya pili." Alitoa vipete, lori likajishusha kwa uzito wake lenyewe kiasi cha theluthi ya safari yote. Kisha akahamisha ncha ya juu ya kila shokapu hadi tundu la ndani zaidi, shokapu ikalala kidogo badala ya kusimama wima, na hivyo springi ileile ikawa nyororo zaidi. Hatukununua chochote.

Somo la pili likafuata papo hapo, kwa kuwa lori lililolegezwa lilianza kucheza ngoma. Kila likivuka jiwe lilirukaruka hata likajipindua lenyewe. Kazi ya springi ni kupokea pigo; kazi ya shokapu ni kuituliza springi. Ndani ya shokapu mna pistoni yenye vitundu vidogo, inayopita katika mafuta. Mafuta mazito huipunguzia mwendo, mepesi huiachia. Mafuta ya shokapu hizi ni ya silikoni. Mafuta ya cherehani au ya injini huvimbisha vipete vya mpira vinavyozuia kuvuja, basi tulingoja wiki mbili hadi ndugu aliyekuwa akija kutoka Dar es Salaam atuletee vichupa viwili, kimoja kizito na kimoja chepesi.

Jaribio lake ni rahisi. Linyanyue lori kimo cha shibiri moja, liachie lianguke sawasawa. Likitua lizame, liinuke mara moja, litulie. Likirudia kuruka, mafuta ni mepesi mno. Likizama na kuchelewa kuinuka, mafuta ni mazito mno, na kwenye mawe yanayofuatana magurudumu hayatawahi kurudi chini kabla ya jiwe linalofuata. Mwanangu aligundua jambo ambalo hata mzee hakulitaja: lori lililotulia saa kumi na moja jioni lilirukaruka saa saba mchana, kwa sababu jua huyafanya mafuta kuwa mepesi. Tangu hapo majaribio yote yalifanywa jioni, saa ya mchezo.

JAMBO MOJA KWA WAKATI MMOJA

Mzee alikuwa na sharti moja, nalo alilishikilia kama sheria: usibadili mambo mawili kwa siku moja. Ukibadili mawili na lori likapona, hujui ni dawa ipi iliyoliponya. Mwanangu akapewa daftari. Kila jioni aliandika kilichobadilishwa, kisha lori likashushwa mara kumi katika njia ileile, na idadi ya kuanguka ikaandikwa. Jioni ya kwanza lilianguka mara saba.

Kwa njia hiyo tulijifunza mengine. Fimbo nyembamba ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto, ambayo mafundi huiita stebilaiza, ilifunguliwa, na kila gurudumu likaweza kupanda jiwe bila kulivuta la pili. Faida hiyo ina gharama yake: kwenye lami lori sasa hulala upande likikata kona kwa kasi. Betri ilishushwa hadi chini kabisa ya fremu na kusogezwa mbele, ili pua isiinuke lori linapopanda. Mapambo ya paani yaliondolewa, maana uzito ulio juu ndio unaopindua. Sponji ngumu iliyojaa ndani ya matairi ilipunguzwa kwa mkasi, tairi likaweza kubonyea na kulikumbatia jiwe. Tulijaribu pia kulishusha lori lote. Halikupinduka upesi, lakini tumbo lilikwama mawe yakilisugua. Tulilipandisha tena kidogo, hadi lilipopita bila kusugua wala kuyumba.

Baada ya majuma sita daftari lilionyesha mara mbili katika kumi. Mzee alisema hizo mbili ni haki ya mlima.

NAFASI YA MTOTO

Jioni hizo watoto wengine hawakukaa mbali. Walianza kwa kuliinua lori lilipoanguka, maana mwanangu hakuruhusiwa kupanda na kushuka kulifuata. Kisha mmoja akaleta gari lake la waya, akauliza kwa nini linaruka likigonga jiwe. Mwanangu alilibonyeza kwa kidole, akamwambia springi zake ni ngumu, atoe utepe mmoja kati ya mitatu. Kesho yake wakaja wawili. Jina la "Lori la uwanja wa ndege" likasahaulika, na yeye mwenyewe akaitwa Fundi. Hukaa juu ya jabali lenye kivuli, chupa ya maji pembeni, daftari gotini. Wenzake hukimbia, na mwisho wa kila mbio hurudi kwake kutafuta hukumu.

Sitaki kumdanganya msomaji. Lori halikuponya ugonjwa. Katika mvua za masika baridi ilimpata, tukarudi wodini kwa siku tano. Lakini safari hii aliomba daftari lake, na saa ya kuwatazama wagonjwa walikuja wavulana watatu, mmoja amebeba gari la waya lililovunjika ekseli. Walijadiliana kwa sauti hata muuguzi akawanyamazisha. Nilisimama dirishani nikitazama ziwa, ili wasinione ninavyofuta macho.

Wazazi wenzangu, si kila mtoto ana mjomba Muscat, na lori la namna hii ni ghali. Hata mwenye nalo ana wajibu wa kuangalia: betri zake za lithiamu zisichajiwe pasipo mtu mzima karibu, maana zikiharibika zaweza kuwaka moto. Lakini mambo yote aliyotufundisha mzee hufanyika pia katika gari la waya, kwa utepe wa chuma, mpira wa tyubu na uvumilivu. Kama una mtoto mwenye selimundu, fuata kliniki bila kukosa, na umpe maji aendapo kucheza. Kisha mtafutie mchezo ambao wenzake watamhitaji ndani yake. Akiwa na kazi anayoijua yeye, hata akiwa ameketi, watamfuata hukohuko alipo.