Akiba Iozayo

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Walipotoa neno hilo walikuwa wakifikiri juu ya fedha kibindoni, mifugo zizini na wema moyoni. Mali za siku hizi ni nyingi ambazo wao hawakuziona, na kila mali mpya haina budi kupimwa kwa mizani ya methali ile. Katika mali hizo imo diski ya sinema, ambayo kwa baadhi ya watu imeacha kuwa chombo cha furaha ya jioni moja ikawa kitega uchumi.

Diski yenyewe ni kitu kidogo. Upana wake ni sentimita 12 na unene wake milimita 1.2. Ile iitwayo DVD ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Novemba 1996, na Marekani mwezi wa Machi 1997. Kabla yake palikuwa na diski kubwa ya leza, yenye upana wa sentimita 30 kama santuri, ambayo iliingia sokoni katika mji wa Atlanta, Marekani, mwezi wa Desemba 1978. Kwa muda wa miaka kama 10 DVD ilienea katika nyumba nyingi zenye televisheni. Kisha filamu zikaanza kufika majumbani kwa njia ya mtandao, na diski zikafurika sokoni kama maembe ya msimu. Iliyouzwa dola 20 ilipokuwa mpya ikawa yapatikana kwa dola 1 au 2 katika maduka ya mitumba ya Marekani. Walakini chache katika hizo hizo ziliuzwa makumi ya dola, na moja moja mamia. Tofauti hiyo ya bei ndiyo iliyozaa wawindaji.

Mwalimu mmoja wa Tanga alikuwa mmoja wao. Alikwenda New York kwa masomo mwaka 2005 akakaa miaka miwili. Posho yake ilikuwa ndogo, na binti yake alikuwa bado mtoto mchanga nyumbani. Wenzake walituma fedha kununua viwanja. Yeye alinunua diski. Kila Jumamosi alizunguka katika maduka ya vitu kuukuu akiinama mbele ya makasha, akisoma majina ya filamu kama mtu asomaye majina katika orodha ya waliofaulu. Alijifunza kutazama jalada kama ni zima, kijitabu kama kimo ndani, na uso wa diski kama hauna mikwaruzo. Alijifunza pia kutenga diski ya kweli na ya bandia, maana penye bei kubwa hapakosi mwigaji. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: vitu hivi havitachapishwa tena, walio navyo watapungua, watakaovitaka watabaki, basi bei itapanda, na siku binti atakapoingia chuo kikuu sanduku litafunguliwa.

Ununuzi wake mkubwa kuliko wote ulikuwa wa diski moja tu. Kampuni ya Criterion, iliyoanza mwaka 1984 kwa diski kubwa za leza, ina sifa ya kuchapisha filamu kwa uangalifu na kuzipa nambari mgongoni, hata wapenzi wake hukusanya nambari kama wengine wakusanyavyo stempu. Nambari 17 ilikuwa filamu ya Mwitaliano Pier Paolo Pasolini iitwayo Salò, ya mwaka 1975. DVD yake ilitoka mwaka 1998, ikaondolewa sokoni upesi kwa sababu ya haki za filamu, na kwa miaka iliyofuata nakala zilizobaki ziliuzwa mamia ya dola. Mwalimu alitoa dola 280 kwa nakala moja. Filamu hiyo ina ukatili na uchafu ambao mtu mwenye haya hawezi kuutazama mbele ya mkwewe, na yeye hakuitazama kamwe. Aliifunga katika karatasi akaiweka chini kabisa ya sanduku, akarudi nyumbani mwaka 2007 akiwa na diski 412.

Mwaka 1998 usingeweza kurudi, lakini filamu iliweza. Mwaka 2008 Criterion ilipata haki upya ikaitoa Salò tena, kwa picha bora kuliko ya kwanza, kwa bei ya kawaida ya dukani. Bei ya nakala za zamani ikaanguka. Mwalimu alipata habari hiyo katika mtandao wa shule, akaifunga kompyuta, akaingia darasani kufundisha ngeli za majina.

Hapo pana fundisho la kwanza la biashara hii. Uhaba wa diski hauumbwi na aliye nayo. Huumbwa na mwenye haki ya filamu, naye aweza kuuondoa siku yoyote apendayo. Stempu ya posta ya mwaka uliopita haiwezi kuchapwa tena ikawa ya mwaka ule, lakini filamu ni ile ile katika diski yoyote, na watu wengi hutaka filamu, hawataki diski. Ni kweli kwamba zipo filamu ambazo haki zake zimefungamana kama nyavu zilizolowa. Nyimbo zilizomo zina wenyewe, hadithi ina mwenyewe, mtengenezaji amekufa na warithi hawapatani. Diski za filamu hizo hushika bei kwa miaka mingi. Lakini mnunuzi hana njia ya kujua ugomvi wa warithi utakwisha lini. Aliyeweka akiba yake juu ya ugomvi wa watu wengine hulazimika kuomba wasipatane.

Fundisho la pili ni la bei yenyewe. Katika masoko ya mtandao kanda kuukuu za katuni za Disney zimewahi kutangazwa kwa maelfu ya dola, na wasomaji wakaamini kwamba wana hazina darini, hali kanda kama hizo hununuliwa kwa dola chache tu. Bei iombwayo ni ndoto ya muuzaji. Bei ilipwayo ndiyo habari ya soko. Hata bei ilipwayo haimfikii muuzaji nzima, maana soko hukata ushuru wake na posta hukata wake. Kwa hivi, wapatao faida katika diski kuukuu aghalabu si waweka akiba bali wachuuzi. Mchuuzi hununua kwa dola 2 leo, huuza kwa dola 15 juma lijalo, na faida yake ni ujira wa macho na miguu yake. Hiyo ni kazi ya halali. Lakini aliyelaza diski sandukuni miaka 15 hakufanya kazi; alingoja tu, na soko halina deni kwa angojaye.

Nalo soko halikumngoja yeye. Netflix, iliyoanza mwaka 1998 kwa kukodisha DVD kwa posta, ilituma diski zaidi ya bilioni 5 katika maisha ya kazi hiyo. Tarehe 29 Septemba 2023 ilituma za mwisho, na wateja waliokuwa na diski mikononi wakaachiwa wazichukue bure. Kitu kitolewacho bure na mwenye ghala hakiwezi kuwa adimu kwa mwenye sanduku.

Mwaka huo huo binti wa mwalimu alipata nafasi chuo kikuu. Mama yake alikuwa amekwisha kuuliza mara nyingi, nusu kwa mzaha, "Bwana, sahani hizi zitaliwa lini?" Siku hiyo aliuliza bila mzaha. Sanduku likafunguliwa sebuleni.

Jambo la kwanza lililoonekana ni kwamba hapakuwa na njia ya kuzijaribu. Deki aliyokuja nayo mwalimu iliungua siku ya kwanza, maana ya Marekani ilitaka volti 120 na umeme wa Tanzania ni volti 230. Deki ya jirani ilizikataa, kwa kuwa diski za Marekani zina alama ya eneo la 1 na Tanzania imo katika eneo la 5. Ikatafutwa deki nyingine isiyojali mipaka. Ndipo lilipoonekana jambo la pili. DVD ni vipande viwili vyembamba vya plastiki vilivyogundishwa, na kati yao lina tabaka la madini lirudishalo mwanga wa leza. Gundi ikiwa mbovu, hewa na unyevu hupenya, madini hubadilika, na picha hukwama au hupotea. Diski kubwa za leza zilijulikana kwa ugonjwa huo tangu zamani, na kampuni ya Pioneer iliacha kutengeneza mashine zake mwaka 2009. DVD nazo hazikusalimika: mwaka 2025 kampuni moja kubwa ya filamu ya Marekani ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za miaka ya 2006 hadi 2008 zinaharibika. Katika sanduku la mwalimu, lililokaa miaka 16 katika hewa ya pwani, diski 31 zilikuwa na wingu la rangi ya shaba pembezoni. Majalada mengi yalishika ukungu, na kwa mkusanyaji jalada lenye ukungu ni kama maiti.

Akaandika orodha ya zilizo nzima, akauliza bei, akapiga hesabu ya posta mpaka Marekani. Kilichobaki hakikufikia nusu ya ada ya mwaka mmoja. Ada ililipwa kwa mkopo wa chama cha akiba cha walimu. Binti alimwambia, "Baba, usihuzunike, nimepata chuo." Mwalimu hakujibu. Alikuwa akikumbuka Jumamosi zake za New York, na kiwanja ambacho mwenzake alikinunua kwa fedha kama zile.

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa onyo tu, na maonyo yamejaa duniani. Lakini katika nyumba hiyo palikuwa na diski nyingine ambazo hazikuhesabiwa. Zilikaa katika kabati la vyombo, nyuma ya vikombe vya wageni. Hizo zilikuwa filamu za Kiswahili zilizonunuliwa na mama wa nyumba sokoni Tanga, katika miaka ambayo filamu za Dar es Salaam zilitoka kila juma, kabla na baada ya kifo cha Steven Kanumba, aliyefariki tarehe 7 Aprili 2012. Filamu nyingi za miaka hiyo hazikupita katika majumba ya sinema. Zilizaliwa katika diski na kuuzwa katika diski, aghalabu sehemu ya kwanza kwa bei yake na sehemu ya pili kwa bei yake. Mama alikuwa nazo 27. Hakuna aliyemwambia kwamba zina thamani, na kwa hiyo alizitazama, akawaazima majirani, akazidai zirudi.

Mwaka uliofuata mwanafunzi mmoja aliyekuwa akiandika tasnifu juu ya lugha ya filamu hizo alifika nyumbani hapo, kwa kuelekezwa na binti. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Aliyoitafuta hakuipata mtandaoni, wala dukani, wala kwa muuzaji aliyeiuza zamani. Mama aliitoa nyuma ya vikombe. Ilikuwa sehemu ya kwanza peke yake. Ya pili iliazimwa na jirani aliyehama, haikurudi. Diski ilikwaruzika, lakini ilicheza. Ilipokwisha, mama alieleza sehemu ya pili kwa kinywa chake, pamoja na maneno ya ugomvi wa mke na wifi, na mwanafunzi akaandika kurasa sita. Alipotoa noti ya shilingi 10,000, mama aliirudisha akasema, "Iandike vizuri, kisha uniletee diski yangu." Diski ilirudi, pamoja na nakala mbili.

Jambo la namna hii lilitokea pia mahali pakubwa zaidi. Duka la Kim's Video la New York lilikuwa na filamu zipatazo 55,000, nyingine ngumu kupatikana kwingine. Lilipofungwa, mwenyewe Yongman Kim alikuwa tayari kuzitoa bure, kwa sharti kwamba zikae pamoja na wanachama wake waruhusiwe kuzitumia. Mwaka 2009 zilikwenda Salemi, mji mdogo wa Sicilia, nako hazikutunzwa kama ilivyoahidiwa. Mwaka 2022 zikarejea New York, zikaanza tena kukodishwa. Zilipotolewa bure zilikuwa na thamani kwa wengi; zilipofungiwa zilikuwa mzigo.

Basi diski kuukuu inunuliwe au isinunuliwe? Mwenye macho ya uchuuzi na anunue auze, bila kuilaza. Apendaye filamu na anunue atazame, maana huyo amekwisha kupata faida yake siku ya kwanza. Lakini mwenye mtoto wa kusomesha asiweke ada yake katika kitu ambacho uhaba wake uko mkononi mwa mwingine na mwili wake huoza gizani. Na nchi ambayo filamu zake zimo katika diski tu haina muda wa kungoja bei. Kazi yake ni kuzitafuta nyuma ya vikombe, kuzinakili na kuziweka maktabani, wakati wangalipo wakumbukao sehemu ya pili.

Sanduku la mwalimu lingalipo. Salò ingali katika karatasi yake, haijatazamwa.