Njia ya Kisima

Leo nataka kuungama kosa langu mbele yenu.

Katika darasa letu la jioni la watu wazima, hapa parokiani, palikuwa na mama mmoja mwenye miaka karibu 60. Miezi minne alikuwa akizichanganya herufi. Siku moja nikamwambia: «Mama, kichwa chako hakikuumbwa kwa kusoma. Baki nyumbani, ulee wajukuu.» Akanijibu kwa upole: «Mwalimu, hata njia ya kisima zamani haikuwapo. Tuliikanyaga sisi.» Akaketi, akashika kibao chake.

Neno lile lilinichoma. Nikatafuta kujua wataalamu wanasema nini juu ya ubongo. Ndani yake mna seli za fahamu karibu milioni elfu 86, nazo zimeungana kwa nyuzi nyembamba ambamo habari hupita kama watu njiani. Nyuzi hizo hazifanani kabisa kwa watu wawili, hata wakiwa mapacha. Sehemu zilizounganishwa kwa nyuzi nyingi huelekea kufanya kazi pamoja. Lakini ziko nyingine zinazoshirikiana bila njia ya moja kwa moja. Habari huzunguka kwa jirani, ikafika.

Tena, mwaka 2009 wataalamu walitoa habari za watu wa Kolombia, wapiganaji wa msituni walioweka silaha chini, wakajifunza kusoma katika utu uzima. Watu 20 kati yao walipigwa picha za ubongo, wakalinganishwa na wenzao 22 wasiojua kusoma bado. Wale waliojifunza walikuwa na nyuzi zaidi mahali pa nyuma pa daraja liunganishalo upande wa kushoto wa ubongo na ule wa kuume. Na kwa watu waliojifunza kusoma tangu utotoni, wakisoma, pande zile mbili zilizounganishwa na daraja hilo zilishirikiana zaidi.

Basi njia huongoza miguu, na miguu nayo hufanya njia. Mungu amemgawia kila mtu talenta zake. Mimi sikupewa kazi ya kuzifukia za mwenzangu.

Nilimwomba yule mama msamaha. Pasaka iliyofuata alisoma mwenyewe, kidole juu ya karatasi, barua ya mwanawe aliye mbali. Ilimchukua karibu saa nzima. Wazazi na walimu, kabla ya kumwita mtoto mjinga, mngojeeni kwanza saa hiyo moja.