Kaunta, Rafu na Heshima ya Mnunuzi

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikra zetu hukimbilia ngoma, mashairi na mavazi. Hayo ni kweli, lakini utamaduni hauishi jukwaani tu. Huishi pia katika mambo madogo ambayo hatuyaoni kwa sababu tumeyazoea: jinsi tunavyoamkiana, jinsi tunavyoketi, na jinsi tunavyonunua chumvi. Katika insha hii nakusudia kulieleza hilo la mwisho. Mimi nimelelewa dukani, na naamini kwamba umbo la duka humwambia mnunuzi, bila ya kutamka neno, jinsi mwenye duka anavyomdhania.

Duka la baba yangu lilikuwa katika kijiji kimoja cha mwambao, kusini ya mji wa Tanga. Kilikuwa chumba kimoja, kilichokatwa sehemu mbili kwa kaunta ya mvule. Upande wa ndani zilikaa bidhaa: magunia ya sukari na mchele, miche ya sabuni, debe la mafuta ya taa na kipimo chake cha bati, vibiriti, na khanga zilizotundikwa juu. Upande wa nje walikaa watu. Mnunuzi hakugusa kitu. Alipiga hodi, akaamkia, akaulizwa hali ya wagonjwa na ya shamba, ndipo akataja haja yake. Baba aliteka sukari, akaimimina katika mizani, na vitanga vilipolingana aliongeza kidogo kabla ya kuifunga katika karatasi ya gazeti. Hiyo iliitwa nyongeza, na mtoto aliyerudi nyumbani bila nyongeza aliulizwa kama ameilamba njiani.

Ukutani palikuwa na kibao chenye methali isemayo kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Chini ya kibao hicho hicho palikuwa na daftari la madeni, na daftari lilikuwa nene. Mvuvi alilipa bamvua likipita na samaki wakiuzika. Mkulima alilipa baada ya kuangua nazi. Hivyo kaunta ilizuia mikono ya watu, lakini haikuzuia imani. Mtu asiyeruhusiwa kushika kibiriti aliruhusiwa kuondoka na kilo mbili za mchele kwa neno lake tu.

Hata hivyo, sitaki nimdanganye msomaji kwa kuisifu kaunta kupita kiasi. Mwaka 1976 iliendeshwa Operesheni Maduka, na maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili maduka ya vijiji na ya ushirika yashike nafasi yake. Baba alifunga duka lake, akapewa kazi ya kuuza katika duka la kijiji, nyuma ya kaunta nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa zikaadimika. Sabuni, sukari na nguo zilipangiwa foleni tangu alfajiri. Ndipo wananchi wakajifunza msemo mpya: chini ya meza.

Siku moja alikuja bibi mmoja jirani yetu, mjane, ambaye binti yake alikuwa amejifungua juzi yake. Aliomba kipande cha sabuni cha kufulia nepi. Baba akasema hakuna. Mimi nilikuwa nimekaa ndani ya kaunta, na unyayo wangu ulikuwa unagusa kasha la sabuni. Bibi yule hakumtazama baba, alinitazama mimi. “Hata kipande, mjukuu wangu?” Nilinyamaza. Jioni nilitumwa kuipeleka sabuni ile, imefungwa katika gazeti, kwa mtu mmoja mwenye cheo. Tangu siku hiyo nilijua kwamba ubao ule ule ulioficha udhaifu wa maskini kwa daftari uliweza pia kuificha haki yake.

Kwa sababu hiyo, miaka mingi baadaye nilipoingia supamaketi kwa mara ya kwanza, mjini Dar es Salaam, nilifurahi kwa dhati. Kila kitu kilikuwa wazi, bei yake imebandikwa, na hapakuwa na meza ya kuficha kitu chini yake.

Duka la namna hiyo lina asili yake. Tarehe 6 Septemba 1916, Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, Marekani. Hata huko, wakati huo, desturi ilikuwa karani kusimama nyuma ya kaunta na kumletea mnunuzi alichotaja. Saunders alimwondoa karani ili apunguze gharama na kushusha bei. Mnunuzi aliingia kwa geti la kuzunguka, akafuata ujia mmoja uliopindapinda mbele ya bidhaa zote, na hakuwa na njia ya kutokea isipokuwa kwa keshia. Mwaka 1917 Saunders alipewa hataza ya mpango huo. Mwaka 1937, katika mji wa Oklahoma City, mfanyabiashara Sylvan Goldman aliwaletea wanunuzi toroli, kwa kuwa aliona kwamba kapu linapolemea mkono, ununuzi hukoma.

Tangu hapo mpangilio wa rafu umekuwa elimu kamili. Maziwa na mkate, vitu vinavyotakiwa kila siku, aghalabu huwekwa mwisho kabisa, ili anayevifuata apite mbele ya vingine vyote. Bidhaa zenye faida kubwa huwekwa usawa wa macho. Za bei nafuu huwekwa chini, zipate kuinamiwa. Vitamutamu vya watoto hukaa usawa wa macho ya mtoto, na pipi hukaa karibu na keshia, mahali ambapo mzazi amesimama akingoja na hana pa kukimbilia. Mtu aliyeingia kwa haja moja hutoka na nne, naye huapa kwamba zote nne alizitaka mwenyewe. Kaunta ilingoja mtu aseme haja yake, rafu hazingoji.

Mwaka 2006 mama yangu alikuja kunitembelea, nikampeleka katika duka moja la namna hiyo. Mlangoni mlinzi alimwomba aache kikapu chake cha ukili, akampa kibati chenye namba. Mama alikitazama kibati kile kwa muda. Ndani aliuliza, “Mwenye duka yuko wapi, nimwamkie?” Sikuwa na jibu. Alichukua pakiti ya chumvi, akachukua na kibiriti, na kwa mazoea ya miaka sabini akakifunga kibiriti katika pindo la khanga yake, wakati akitafuta fedha. Kabla hajamfikia keshia, mlinzi alimshika mkono, akamwamuru afungue pindo mbele za watu.

Tulilipa, tukatoka. Njiani mama hakusema neno. Tulipofika nyumbani alisema, “Kwa baba yako watu walikuwa na madeni, lakini hakuna aliyepekuliwa.”

Maneno hayo yamenikalia moyoni. Duka la rafu humwachia mnunuzi mikono yake, lakini halimjui jina. Kwa hiyo humwekea mlinzi. Tena humdhania kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Pakiti zake hazimtambui kibarua anayelipwa kwa kutwa, ambaye leo anahitaji robo ya sukari na mafuta ya kupikia chakula cha usiku mmoja. Mwaka 2014 Shoprite iliyauza maduka yake ya Tanzania, na mwaka 2015 Uchumi ya Kenya ikayafunga ya kwake. Sababu za kibiashara zilikuwa nyingi. Lakini kila mtaa wa Dar es Salaam bado una kibanda chenye wavu, na muuzaji wake huitwa Mangi, jina la heshima la watawala wa Wachagga. Mangi hupima mafuta kwa kikombe, na nyuma ya wavu wake lipo daftari.

Sidai kwamba turudi nyuma. Uwazi wa rafu ni jambo jema. Laiti tungekuwa nao siku ile ya sabuni. Nasema tu kwamba wanaojenga maduka yetu wangefaa kujiuliza ni mtu gani wanayemtazamia mlangoni. Duka linaweza kuwa wazi na bado likawa na mtu wa kuitikia salamu.

Baba alipofariki nililikuta daftari lake la zamani sandukuni. Kurasa nyingi zilikuwa zimeandikwa “amelipa”. Ukurasa wa bibi yule mjane haukuwa na neno hilo. Ulikuwa umepigwa mstari mmoja kutoka juu hadi chini, kwa wino mpya kuliko wa maandishi mengine.